Mguu wa Mutongu, Kichwa cha Biringanya

Siku ya tisa, jua likiwa bado halijatoka, Nthenya aliinua karatasi ya nailoni kwa ncha za vidole, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga usingizini, akakuta miche yake imesimama wima.

Hakupiga kelele. Nthenya hakuwa mtu wa kupiga kelele; chuoni wenzake walimwita Rudia, kwa sababu kila alipojibu swali darasani mwalimu alimwambia, "Rudia, hatujasikia." Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akaruka mara tatu palepale nyuma ya ghala, leso ikamdondoka, akaiokota, akakimbia nayo mkononi hadi mlangoni pa jiko.

"Susu! Imeshika!"

Nyanya yake, Kavindu, alikuwa amepiga magoti akipuliza moto. "Nini imeshika? Nyumba?"

"Biringanya, susu. Imeshika mutongu. Karibu yote!"

Bibi kizee akajiachilia akaketi chini, moshi ukimzunguka, akacheka mpaka akakohoa. "Aiya! Kumbe nimewekwa duniani nione mutongu ukipata mchumba."

Aliyekulia Ukambani hahitaji kuambiwa mutongu ni nini. Ni kile kichaka cha miiba kinachoota kando ya njia, uani mwa shule, kwenye boma lililohamwa, mahali popote ambapo mvua imesahau. Majani yake yana manyoya, na matunda yake ya manjano ni machungu kuliko kwinini. Watoto huyachomeka miiba minne yakawa ng'ombe. Wazee hutafuna mizizi yake jino linapouma. Hakuna anayeupanda, wala hakuna aliyewahi kuumaliza. Ukiung'oa ukautupa kando, umande wa siku mbili tatu unautosha. Unainuka tena kama mtu aliyekuwa amejinyoosha kidogo tu. Ndiyo maana watu wa Kanyangi wakiung'oa hawautupi. Wanauchoma.

Nthenya ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza pale kijijini kuukuza kwa makusudi. Alizisia mbegu zake kwenye makopo, wiki tatu kabla ya kusia biringanya, kwa kuwa mutongu haujui haraka. Mashina yalipofikia unene wa kalamu, aliukata mutongu kichwa kwa wembe, akaupasua kisiki chake katikati, akachonga shina la mche wa biringanya pande mbili kama patasi, akalichomeka kwenye ule mpasuko, akafunga kwa uzi wa nailoni. Kisha akaifunika miche kivulini, akainyunyizia maji asubuhi na jioni, akaiombea. Mkono huo alifundishwa na babu yake mzaa mama, Kiilu wa Mbooni, ambaye ameunganisha miembe na miparachichi ya mlima mzima mpaka wembe umemchonga kidole gumba.

"Mguu wa mutongu, kichwa cha biringanya," alimweleza susu siku alipoanza.

"Na tumbo?"

"Tumbo ni letu."

Sababu ya haya yote ilikuwa msimu uliopita. Shamba la susu liko bondeni, hatua mia tatu kutoka nyumbani, kando ya mto wa mchanga ambao mwaka mzima ukichimba mikono miwili unapata maji. Ni udongo mweusi, laini, ambao susu aliuongezea samadi ya mbuzi miaka arobaini. Nthenya aliporudi kutoka chuo na diploma yake ya kilimo alipanda biringanya humo, zikastawi, zikatoa maua ya zambarau, na wiki moja kabla ya kuvuna zikaanza kulegea. Saa sita mchana mmea unainama ukiwa kijani kibichi. Jioni unajitahidi kuinuka. Siku ya tatu umekufa. Alikata shina moja akalining'iniza ndani ya gilasi ya maji safi. Hazikupita dakika tano, uzi mweupe ukaanza kuteremka ndani ya maji, kama moshi uliopotea njia.

"Maziwa hayo?" susu aliuliza.

"Ni ugonjwa, susu. Uko ndani ya udongo. Hauna dawa."

Susu alitazama gilasi, akatazama ua wa shamba. "Na ule mutongu pale mbona haufi? Si unakunywa udongo huohuo?"

Swali hilo lilimfanya Nthenya asilale wiki nzima.

Na alikuwa na haki ya kukosa usingizi, kwa sababu shamba lilikuwa linakwenda. Baba yake, Kimeu, ni fundi wa ujenzi kule Makindu, naye huja nyumbani mara chache. Susu hakuweza tena kushika jembe, kwa hiyo alikuwa amemwachia mwanawe huyo aamue shamba litafanya kazi gani. Na Mulinge, mtoto wa ndugu yake Kimeu, alikuwa amekwisha kuomba achimbe udongo ule afyatue matofali. Udongo mweusi wa mtoni, wenye mfinyanzi chini yake, hutoa tofali lisilovunjika. Mulinge hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bidii, alikuwa na wateja, na alikuwa na mdomo.

"Dada yangu, wewe unapanda supu," alimwambia. "Mimi nitapanda nyumba."

Kimeu aliwasikiliza wote wawili, akasema: "Nthenya, nakupa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Nikija nikute mimea hai. Nikikuta imekufa tena, Mulinge anaanza kuchimba Jumatatu." Nthenya alijua maana yake. Mtu akikodisha shamba, litarudi. Akipanda mahindi yakakauka, msimu mwingine upo. Lakini udongo uliokwisha kuchomwa kuwa tofali haurudi kuwa shamba. Miaka arobaini ya susu ingesimama Makindu kama ukuta wa duka.

Mwisho wa mwezi wa sita alihamishia miche bondeni, mia moja arobaini na mitatu. Kila mche aliuchimbia shimo lake, hatua moja kutoka kwa mwenzake, akatia viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri, na hakuruhusu fundo lile la uzi liguse udongo. Kichwa kikigusa chini kitaota mizizi yake, nayo mizizi hiyo itakunywa ugonjwa, na kazi yote itakuwa bure. Alimwagilia kwa mtungi na kopo, akiimba moyoni. Kila jioni alihesabu, mia moja arobaini na mitatu. Kila asubuhi akarudia kuhesabu, kana kwamba mche ungeweza kutoroka.

Kulikuwa na jambo moja alilolifanya vibaya, nalo alilifanya kwa huruma. Mguu wa mutongu ulianza kutoa machipukizi yake chini ya fundo, majani ya miiba yenye manyoya. Alijua anapaswa kuyakwanyua. Lakini kila alipoinama kuyakwanyua, aliuona mche ungali mdogo, umepasuliwa na kufungwa juzi tu, na mkono ukakataa. "Kesho," alijiambia. Kesho ikawa wiki mbili.

Jambo la pili alilikosea kwa haya. Susu ni mwanachama wa mwethya, kikundi cha wanawake ishirini wanaolima mashamba ya wenzao kwa zamu. Mwenye shamba hapiki ugali tu akanyamaza. Lazima apike muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na lazima ashibishe. Zamu ya susu ilikuwa Alhamisi. Jumapili baada ya ibada, Ndunge, mwenyekiti, mama mwenye kifua cha ngoma na sauti yake, alisimama nje ya kanisa akauliza, "Kwa Kavindu tunakuta nini Alhamisi? Nthenya, wewe ndiye umesoma, tuambie."

Wanawake ishirini wakamgeukia. Nthenya alikuwa ameyapanga maneno yote: kwamba wataona kitu kama mutongu lakini si mutongu, kwamba wasiguse. Akafungua kinywa.

"Ni... mboga," akasema.

"Rudia!"

"Mboga."

"Haya, mboga!" Ndunge akapokea, na watu wakaanza kuagana. Nthenya alijifariji kwamba Alhamisi atakuwepo mwenyewe awaonyeshe.

Basi Jumanne akaenda Kitui mjini, kuzitafutia biringanya mnunuzi kabla hazijazaa. Aliingia kwenye hoteli moja karibu na msikiti, hoteli ya Fahima, mama ambaye babu zake walitoka Mombasa na ambaye mchuzi wake wa nazi unajulikana hadi Mwingi. Alisimama kando ya kaunta akajieleza.

"Mwanangu," Fahima akamwambia, akikuna nazi bila kumtazama, "sema kwa sauti. Msikiti uko ng'ambo ya barabara, hapa ni hotelini."

Nthenya akarudia. Fahima akaacha kukuna.

"Biringanya za Kitui? Hapa hapa? Zangu zinatoka Nairobi, zikifika zimechoka kuliko mimi. Sikiliza: nataka inayong'aa. Nikiibonyeza kwa dole, irudi. Ikibaki na shimo, imezeeka, ina mbegu ngumu na uchungu. Leta kikapu kimoja nionje, tukipendana utaleta kila Ijumaa."

Nthenya alitoka hotelini akitembea kama mtu aliyebebwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitabasamu peke yake, mpaka mwendesha boda boda aliyemchukua Kanyangi sokoni akamuuliza kama amepata mchumba.

Aliteremka juu ya kilima saa tisa alasiri, na kutoka pale akaona shamba bondeni.

Lilikuwa safi. Safi mno. Mistari ilionekana vizuri, udongo umegeuzwa, mweusi, unang'aa. Katikati ya mistari, mchicha wa porini uliokuwa umejiotea ulikuwa umeachwa, umepaliliwa kwa upendo na kumwagiwa maji. Kingine chochote hakikuwepo. Na pembeni, karibu na ua, palikuwa na rundo la kijani lililofunikwa mabua makavu ya mahindi, na wanawake wameketi kivulini wakijipepea kwa leso.

Alhamisi kulikuwa na mazishi ng'ambo ya mto, ndiyo maana Ndunge alikuwa ameisogeza zamu. Alimpigia susu simu asubuhi, Nthenya akiwa amekwisha kuondoka, na susu akafurahi, akaanza kutwanga mahindi ya muthokoi, asikumbuke kumwonya kuhusu ile miche. Wanawake wameijua njia ya bondeni tangu ujana wao, hawakuhitaji kuonyeshwa.

Na sasa Ndunge alikuwa akiteremka njia kutoka jikoni kwa susu, taratibu, mkononi ameshika kijinga cha moto.

Nthenya alianza kukimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye kokoto, hakukirudia. Alimwona Ndunge akifika chini, akiinama, akipuliza kijinga kiwake.

"MWENYEKITI! WEKA MOTO CHINI!"

Sauti ile ilipiga ng'ambo ya mto wa mchanga ikarudi. Mbuzi walitimka. Ndunge akasimama kama aliyeitwa na polisi, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta ni nani aliyepiga kelele. Hakuamini ni Nthenya hata alipomwona akija.

"Chini, mwaitu, mama yangu, tafadhali! Hiyo si mutongu! Ni biringanya!"

"Biringanya?" Ndunge akashusha kijinga. "Mtoto wa Kimeu, nimeona mutongu tangu nizaliwe. Umenichoma mikono leo kutwa. Tazama!" Akaonyesha viganja.

"Mguu ni wa mutongu. Kichwa ni cha biringanya. Nimekata nikaunganisha, moja moja, kwa wembe, kama babu yangu anavyofanya maembe Mbooni. Ni mia moja arobaini na tatu, na baba anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na akikuta hakuna kitu Mulinge anachimba hapa matofali, na shamba la susu linaisha!" Alikuwa amekwisha kupiga magoti anaondoa mabua kwa mikono miwili, na maneno yanamtoka kama maharagwe yanayomwagika guniani. Akavuta mche mmoja akauinua, akaonyesha fundo la uzi wa nailoni. "Tazameni! Mutongu gani umefungwa uzi?"

Mama mmoja, Kanini, akasogea, akaushika mche, akalifuata fundo kwa kidole. Akapiga kofi pajani.

"Wanawake wenzangu! Tumeng'oa shamba tukapalilia kwekwe!"

Baadhi wakacheka kwa hofu, wengine wakashika vichwa. Ndunge alikuwa amekodoa macho kwenye ule mchicha walioupalilia kwa mistari. "Na mimi ndiye nimesema tuumwagie maji," akasema polepole. "Nikasema, Nthenya amesomea mchicha mzuri namna hii." Akakizika kijinga kwenye mchanga mpaka kikazima. Kisha akageuka, na sauti yake ya ngoma ikarudi. "Sasa tunafanya nini? Wewe ndiye umesoma. Sema!"

Wakamgeukia tena wanawake ishirini, lakini safari hii Nthenya hakuwa na nafasi ya kuona haya. Ardhi ilikuwa na unyevu wa jana jioni, miche iling'oka na udongo wake, na mabua yalikuwa yameikinga na jua. Isitoshe, mguu ulikuwa wa mutongu.

"Mwenyekiti, kwa nini mlitaka kuuchoma?"

"Si unajua? Mutongu ukiutupa unafufuka."

"Basi," Nthenya akasema. "Tunaufufua."

Kazi iliyofuata, wazee waliokuwa wakipita na ng'ombe walisimama kuitazama. Nthenya alichimba shimo, akalijaza maji, samadi na udongo, akakoroga mpaka ikawa uji mzito, na kila mche ukachovywa miguu humo. Kanini na wenzake walipunguza majani, wakiacha machache kichwani, mmea usijimalize kwa kiu. Wengine walirudisha mashimo. "Fundo juu ya udongo!" Nthenya alipita akipiga kelele. "Mwaitu, hiyo umeizika, inua!" "Samahani, mwalimu!" wakamjibu, wakichekana, na mtu akaanzisha wimbo wa kulimia, na majembe yakafuata wimbo. Ndunge mwenyewe aliteka maji mchangani akawa anayaleta mtungi baada ya mtungi, bila kupumzika, kama anayelipa kitu. Matawi yakakatwa vichakani, na kila mche ukajengewa kibanda chake kidogo cha kivuli.

Susu alipochoka kuwasubiri alituma chakula chini. Muthokoi uliliwa kwa mikono ya matope, jua likizama. Miche tisa ilikuwa imevunjika kwenye fundo. Mia moja thelathini na minne ilikuwa imerudi ardhini.

"Itaishi?" Ndunge akauliza alipokuwa akiaga.

"Sijui," Nthenya akasema, na kilio kilichokuwa kimemngoja tangu saa tisa kikamjia. Ndunge akamfutia machozi kwa upande wa leso usio na matope.

Mungu akasaidia kwa mwezi wenyewe. Mwezi wa saba, mbingu za Kanyangi hujifunika mawingu asubuhi, na jua huamka kwa uvivu. Hata hivyo, siku ya tatu majani machache yaliyokuwa yamebaki yakaanguka. Shamba likawa vijiti. Siku ya sita Nthenya alishuka asubuhi akaona kijani, na moyo ukaruka. Alipochuchumaa, moyo ukakaa. Kijani chote kilikuwa chini ya fundo. Majani ya manyoya, na miiba. Mguu ulikuwa umefufuka kama ilivyotarajiwa, lakini ulikuwa unajijengea kichwa chake wenyewe.

"Unakula chakula cha mwenzako," aliuambia mche wa kwanza.

Safari hii hakusema kesho. Alikwanyua machipukizi, moja moja, shina kwa shina, mia moja thelathini na minne, miiba ikimwingia kwenye kucha. Keshoye yakarudi, akakwanyua tena. Utomvu uliopanda kutoka mizizini usipate pa kwenda ila juu. Susu alikuja na fimbo yake akaketi kwenye tuta kumtazama.

"Umekuwa mkali," akasema.

"Naogopa, susu."

"Hata mimi nilipokuwa nikikata kitovu cha baba yako niliogopa. Lakini nilikata."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, Kimeu alifika saa nne asubuhi kutoka Makindu, akiwa na mkate kwenye mfuko na vumbi la njia nzima kwenye kofia. Hata chai hakunywa. Mulinge alikuwa amemtangulia bondeni, kalibu mbili za kufyatulia matofali begani, amevaa shati la Jumapili. Wanawake wa mwethya nao hawakuwa na kazi nyingine asubuhi hiyo. Walijikuta wote wanapita njia ileile.

Kimeu alisimama kwenye tuta la juu. Mbele yake palikuwa na vibanda vya matawi, na ndani ya kila kibanda kijiti.

"Ami," Mulinge akasema, "mimi sisemi kitu. Lakini kama ni kuni, hata tanuri langu linahitaji kubwa kuliko hizi."

Vijana waliokuwa nyuma yake wakacheka. Kimeu hakucheka. Alimtazama binti yake, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye angependa mno kusema vingine. "Nthenya. Tulikubaliana."

Nthenya alikuwa hajashuka tangu jana jioni. Asubuhi ile alikuwa amebaki jikoni akitwanga mahindi yasiyohitaji kutwangwa. Sasa akashuka tuta, akainama kwenye mche wa kwanza, akaondoa tawi la kivuli. Kijiti. Akakwaruza gome kwa ukucha, juu ya fundo. Kijani, kibichi, chenye maji. Akasogeza uso karibu zaidi.

Pale juu ya fundo, kwenye kovu la jani lililoanguka, palikuwa na kitu kidogo kama ncha ya penseli. Hakikuwa na mwiba. Kilikuwa laini, na kilikuwa zambarau.

"Baba, njoo!" Hakuna aliyemwambia rudia. "Njoo hapa uchuchumae!"

Kimeu akashuka. Magoti yake ya fundi yakalia. Akavaa miwani ya kusomea ramani, akatazama mahali kidole cha binti yake kilipoonyesha.

"Hii ndiyo nini?"

"Ndiyo biringanya. Mutongu ni kijani na miiba. Hii ni zambarau. Ni kichwa, baba! Kichwa kinaishi!" Akakimbia mche wa pili. "Hapa pia!" Wa tatu, hakuna. Wa nne, mbili kwa shina moja! Ndunge hakuweza kuvumilia tena; alikunja leso akaingia shambani, na wanawake wakamwagika nyuma yake, kila mmoja kwenye mstari wake, wakiinua matawi na kuchungulia kama wakunga.

"Hapa moja!"

"Hapa! Hapa mbili!"

"Huu wangu umelala bado, lakini uko hai, nimekwaruza!"

"Usikwaruze sana, Kanini, si sufuria!"

Mulinge mwenyewe akaweka kalibu chini akachuchumaa kwenye mche ulio karibu naye. Akatazama muda mrefu. "Ami," akasema bila kuinua kichwa, "hapa pia kuna kimoja." Akajikuna shingo. "Kizuri, kusema kweli."

Walipomaliza kuhesabu ilikuwa mia moja na kumi na mmoja yenye ncha za zambarau, na mingine inasubiriwa. Kimeu alibaki amechuchumaa kwenye mche uleule wa kwanza, akilifuata fundo la uzi kwa dole lake nene.

"Umechonga wewe?" akauliza. "Kiungo hiki?"

"Ndiyo, baba."

"Hata seremala wangu wa Makindu hawezi kiungo safi namna hii." Akasimama, akajikung'uta. "Mulinge, beba kalibu zako, mwanangu. Tutatafuta udongo kwingine, kule juu kwenye ule mwekundu. Hapa pana mtu."

Nthenya alitaka kusema asante, lakini vigelegele vya mwethya vilikuwa vimekwisha kumzidi, na Ndunge alikuwa amemwinua kutoka ardhini kama gunia la mbaazi.

Katikati ya mwezi wa tisa kikapu cha kwanza kilikwenda kwa Fahima. Alizibonyeza moja baada ya nyingine kwa dole, nazo zikarudi, naye akamwita mpishi aje aone. Lakini siku ambayo Nthenya huikumbuka zaidi ni nyingine, wiki mbili kabla ya hiyo. Alikuwa akichoma biringanya ya kwanza kabisa kwenye makaa, susu akisubiri na chumvi kiganjani, aliposikia mtu akiimba kilimani. Akachungulia. Ndunge alikuwa anateremka njia polepole, shingo imenyooka, kichwani amebeba beseni, na mkono mmoja ameinua leso kulikinga beseni na jua. Ndani yake, ikiwa imepangwa kwenye makopo ya maziwa, mbichi, yenye manyoya na miiba, kulikuwa na miche ya mutongu.

"Mwalimu!" akaita kutoka mbali. "Usinitoroke! Nimeleta miguu arobaini. Vichwa uko navyo?"

"Niko navyo, mwaitu!" Nthenya akamjibu kwa sauti, akapangusa mikono, akaingia ndani kutafuta wembe.